Zege Lisilopigwa Fagio

Mimi nilikuwa mtu wa niru. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Niru ni saruji tupu iliyokorogwa na maji ikawa uji. Unaipaka juu ya zege bichi, unaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka inang'aa. Hapa Tunduma sakafu isiyo na niru watu huiona kama ya mtu aliyeishiwa katikati ya ujenzi. Unaweza kumjengea mtu kwa kokoto zenye udongo na ukampunguzia nondo, lakini ukimpigia niru safi, mwakani atakupigia simu akupeleke kwa shemeji yake. Sikuwa mwizi wa nondo. Ila najua kabisa kwamba jina langu mjini lilitokana na niru, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Kazi yangu ni ya chini. Wengine wanapandisha maghorofa; mimi naitwa wao wakishashuka. Nazungushia jengo njia ya kupita watu, nasimika kingo za zege kati ya njia na barabara, natengeneza vidaraja vya mitaro. Mji huu ni wa malori. Yanapanga foleni kuelekea mpakani usiku na mchana, na dereva aliyechoka akiona sehemu tambarare mbele ya duka anadhani ameandaliwa maegesho. Kingo zangu zimepasua matairi ya watu wengi na sijawahi kumpa hata mmoja pole.

Mwaka ninaousimulia, mvua zikiwa zinanukia, niliitwa na mama mmoja wa upande wa Iyula ambaye kwao wana kahawa tangu enzi za babu zake. Alikuwa amemaliza jengo lake kando ya barabara kuu, fremu kumi za maduka zimepangana chini, juu ofisi. Alikuwa mpole sana. Nimefanya kazi na matajiri wanaotukana mpaka marehemu, na sikuwahi kumwogopa yeyote kama nilivyomwogopa yule mama na sauti yake ya kanisani.

Alikuwa ameambiwa na wakaguzi kwamba hatafungua jengo bila njia ya kiti cha magurudumu. Mchoraji wake wa ramani akamchorea, naye akanikabidhi karatasi. Ilikuwa kazi ya kueleweka: njia ya zege kuzunguka fremu zote, kingo pembeni, na kwenye kona, mteremko wa kupandia mpaka usawa wa mlango. Kwa kila hatua moja ya kwenda juu, hatua kumi na mbili za kwenda mbele. Pembeni ya mteremko mchoraji aliandika kwa mkono: uso wa mkwaruzo.

Kwa sisi mafundi, mkwaruzo ni kitu cha ndani. Unapiga lipu ya kwanza ukutani, unaikwaruza kwa misumari ingali mbichi, ili lipu ya pili ipate pa kushika. Mkwaruzo ni kama shimizi. Upo, una kazi yake, lakini hakuna anayetoka nao nje. Nilipoyasoma maneno yale sikushtuka. Nilijisemea kwamba mchoraji anataka zege likwaruzwe vizuri ndipo niru ishike, na nikamheshimu kidogo kwa kujua hilo.

Siku ya pili ya kusimika kingo, mshonaji mmoja alivuka barabara akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu akaja kusimama mbele yetu. Nilikuwa namwona kila siku kwenye kibaraza cha ng'ambo. Alikuwa wa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto na mpunga, na miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Alishona kwa cherehani ya mkono, na makwaya ya mji mzima yalivaa mashati yake meupe. Kibaraza chake kilikuwa kimepigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Kila mtu pale mtaani alijua kwamba Krismasi haitamkuta pale, na hakuna aliyemuuliza angeenda wapi.

Yeye alishajiuliza. Alikuwa ameomba fremu ya kona, na kodi alikuwa nayo mkononi. Mama mwenye jengo alitoka, akasimama kati yetu, akasema nami kana kwamba mshonaji hayupo.

"Fundi, huyu binti anataka kona. Mimi simkatazi. Ila sitaki mtu wa kubebwabebwa mlangoni kwangu. Wateja wakiona huruma hawanunui. Siku ya ufunguzi akipanda mwenyewe mpaka mlangoni, nampa ufunguo mbele ya mchungaji. Akibebwa, basi tena, nitamuombea apate pengine."

"Nitapanda, mama," mshonaji akasema.

"Mungu ni mwema," mama akajibu, akarudi ndani.

Wakati ule niliona mama ametenda haki. Masharti yalikuwa wazi, njia nilikuwa naijenga mimi, na mimi sijengi ovyo.

Mara mtu akaita kutoka barabarani, "Fundi!" Tukageuka wote wawili, mimi na mshonaji. Alikuwa dereva wa lori la kokoto kutoka Nanyala, ananiita mimi. Nikacheka, nikamwambia, "Dada, umezoea kuitwa fundi kwa kushona vifungo. Hapa fundi ni mmoja."

"Sawa, fundi," akasema. Alilitamka vizuri, bila kejeli. Hilo nalo liliniudhi.

Tangu siku ile akawa anavuka kila jioni. Alikuja na futi yake ya kupimia nguo, ile laini inayokunjika, na kunipimia kazi yangu. Jioni moja aliniomba nimshikie ncha moja kwenye usawa wa mlango, akapima kwenda juu, kisha akapima kwenda mbele, akahesabu kimoyomoyo. Mteremko, ingawa bado ulikuwa kifusi kilichoshindiliwa na mbao za kuzuilia zege, ulikuwa sawasawa. Nilijua uko sawasawa. Niliuvutia kamba na kuupima kwa mpira wa maji wa kusawazishia mara mbili, kwa sababu nilitaka akose cha kusema.

"Umepima vizuri, fundi," akasema. "Sasa juu yake utapiga nini?"

"Niru. Kwani watu wanapiga nini?"

Akapitisha kiganja juu ya tairi lake. "Naomba usipige niru. Zege likianza kukaza, pitisha fagio tu, liache michirizi. Mikono yangu ndiyo miguu. Nikisukuma, tairi lazima lishike kitu."

Mimi kuambiwa nipige fagio. Kuna mafundi wa kupiga fagio, nawajua, ndio wanaojenga vyoo vya shimo na mabanda ya nguruwe. Saidia fundi wangu wawili walikuwa wamesimama na machepe wanasikiliza, na mimi mbele ya watu huwa siwezi kuwa mwema.

"Dada, fagio ni la kufagia," nikamwambia. "Mimi nikuambie utoke na shati bila kukunja pindo, nyuzi zinaning'inia, utakubali?"

"Shati namshonea anayelivaa. Akisema linambana, nalifumua."

"Basi niru haimbani mtu."

Wakacheka. Nilipoona wamecheka nikaongeza lile ambalo mpaka leo huwa linanirudia nikiwa napiga mswaki, nikiwa kanisani, popote. Nilimwambia, "Na ukiteleza si ndiyo utafika chini haraka kuliko sisi wenye miguu?"

Mmoja wa wasaidizi alicheka mpaka akaweka chepe chini. Mshonaji hakulia, kama unasubiri kusikia alilia. Aliikunja futi yake kwenye vidole viwili, taratibu, mpaka ikaisha.

"Fundi," akasema, "fagio linapita siku moja tu, zege likiwa bado bichi. Likishakauka haliwezekani tena."

Sikuelewa amejuaje. Lazima aliuliza watu, alikaa kwenye kibaraza chake akawauliza mafundi wapitao habari za zege kama mtu anayeuliza habari za dawa. Badala ya kumheshimu kwa hilo nilikasirika zaidi. Mtu aniombe, sawa, lakini asinifundishe.

Kesho yake tulimwaga zege la mteremko. Nilikaa nikalisubiri likaze, nikalikwaruza kama karatasi ilivyosema. Niliangalia ile michirizi. Ilikuwa imenyooka, imepangana vizuri, na kama ningenyanyuka pale na kwenda kunywa chai, dada yule angekuwa na duka mpaka leo. Lilikuwa suala la kutofanya kitu. Nikakoroga niru, nikapiga magoti, nikaanza kusugua. Jua lilipolala niliweza kuona sura yangu kwenye ule mteremko. Nilipiga picha, nikaweka kwenye simu kila mtu aone, na watu wa mpaka Mlowo wakaniandikia pongezi.

Siku ya ufunguzi nilifika mapema kuliko wote. Malori yalikuwa yamepita yakatia vumbi kazi yangu, nami sikutaka wageni waione ikiwa na vumbi. Nikachota maji ndoo tatu, nikatia sabuni ya unga, nikausugua mteremko kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa naumwagia maji ya mwisho wakati watu wanaanza kukusanyika. Mchungaji alikuwa tayari ameshakuja, kwaya imejipanga ndani ya mashati yale meupe, na mama mwenye jengo ameshika ufunguo wa kona umefungwa utepe.

Mshonaji alivuka barabara. Alikuwa ameweka cherehani mapajani, ameifunga kwa kitenge kiunoni mwake kama mama anavyofunga mtoto, kwa sababu alipanga kuingia nayo mara moja na kuanza kazi. Watu wakampisha. Alifika mwanzo wa mteremko akauangalia unavyong'aa na maji, kisha akaniangalia mimi niliyesimama pembeni na ndoo. Akashika matairi akasukuma.

Alipanda theluthi. Alipanda karibu nusu. Halafu mikono ikawa inasukuma, matairi yanazunguka, na kiti hakiendi. Nimeona lori limekwama kwenye tope likizungusha matairi hivyo hivyo, lakini lori halina uso. Kiti kikaanza kurudi nyuma, kikakaa upande, kikashuka chote mpaka kikagonga ukingo wangu wa zege. Ukingo haukutikisika. Nakumbuka niliona fahari, kwa muda mfupi kabisa, kwamba ukingo haukutikisika.

Vijana wawili wa kwaya walikimbia kumnyanyua.

"Msinibebe," akasema. "Naombeni msinibebe."

Akajaribu mara ya pili. Sasa matairi yalikuwa yameloa sabuni na hakufika hata pale pa mwanzo. Mara ya tatu viganja vilianza kuteleza kwenye pete za matairi na pete moja ikamchubua. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo, ikauacha. Mtu nyuma alicheka kwa sauti ndogo, na ninaijua sababu ya kucheka kwake. Nilikuwa nimemfundisha mimi, mtaani utani huwa unasafiri.

Ndipo akaniita. Hakumwita mama, hakumwita mchungaji.

"Fundi, mwaga mchanga."

Mchanga ulikuwepo. Lundo lililobaki lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, na chepe limechomekwa juu yake. Machepe mawili ya mchanga juu ya ile sabuni na matairi yangeshika. Kila mtu pale aligeuka kunitazama, na mama mwenye jengo naye alinitazama, kwa upole wake ule, akisubiri. Hakunikataza. Ningependa sana kuandika kwamba alinikataza.

"Mchanga utakwaruza niru," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikuyasema kwa hasira. Niliyasema kama fundi anayeeleza jambo la kifundi, na watu kadhaa wakatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli, mchanga ungekwaruza.

Alijaribu mara ya nne. Kiti kilirudi kwa kasi, kikapinduka kwenye ukingo, na cherehani ikatoka kwenye kitenge ikaangukia njia ya zege. Gurudumu lake la mkono lilivunjika vipande viwili. Alipokuwa chini alikusanya kwanza vile vipande. Ndipo watu wakambeba, kwa sababu sasa hakukuwa na namna nyingine, na mama mwenye jengo akainama akamshika bega.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Nitakuombea." Kisha akamwomba mchungaji aendelee.

Fremu ya kona ilipewa mfanyabiashara wa vitenge siku ileile. Nilikula wali pale, kwenye meza ya mafundi, na watu wanne waliomba namba yangu.

Mchoraji alinipigia baadaye, akiwa amesikia. Aliniuliza kwa nini sikufuata karatasi. Nikamwambia, "Umeandika mkwaruzo, nimekwaruza. Niru nimepiga juu yake, kama mafundi wote tunavyofanya. Ungetaka mkwaruzo ubaki nje ungeandika hivyo." Akasema kweli, kosa ni lake, hakufafanua. Nimeitumia hadithi hiyo miaka yote. Ni hadithi nzuri na sehemu kubwa ni kweli. Nilivyoisoma ile karatasi mara ya kwanza ndivyo nilivyoielewa. Lakini tangu siku ya futi nilikuwa nimeambiwa kwa mdomo, kwa Kiswahili chepesi, na mwenye kiti mwenyewe.

Kibaraza kilibomolewa kabla ya Krismasi, kama alama ilivyosema.

Mvua ziliponyesha, mteremko wangu uliwaangusha wengine. Wenye miguu sasa. Mteja mmoja wa vitenge kutoka Zambia, mama mnene aliyekuja na marobota, aliteleza akavunjika mkono, na mama mwenye jengo alikaa naye chini kwenye maji akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Sori, bamayo, sori." Kesho yake niliitwa.

"Fundi, hii ikwaruze," akaniambia. "Inaumiza watu."

Nilipiga magoti na tindo na nyundo. Zege langu lilikuwa gumu, nilichanganya vizuri. Kazi ambayo fagio lingeifanya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ilinichukua siku mbili, na viganja vilitoka malengelenge nikavifunga matambara. Watu walipita wakaniuliza kwa nini naharibu niru nzuri hivyo. Nilipomaliza ule mteremko ulikuwa na sura ya ndui. Nilikodi bajaji ikabeba baiskeli ya mlemavu mmoja wa sokoni, nikamwomba mwenye baiskeli apande ajaribu. Alipanda bila kusimama, akageukia juu akashuka, akaniuliza kama kuna kingine.

Basi nikaenda kumtafuta mshonaji. Nilijiambia naenda kumpa habari kwamba mteremko sasa unapandika, ingawa fremu ilishakwenda. Sijui nilidhani angeifanyia nini habari hiyo. Nilibeba suruali yangu ya kazi iliyopasuka goti, ili niwe na sababu.

Nilimkuta nyuma ya maegesho ya malori, kwenye kibanda cha mabati. Cherehani ilikuwa imewekewa gurudumu la kuchongwa kwa mti. Mbele ya kibanda mtu alikuwa amemwekea kilima cha udongo na kokoto, kimeshindiliwa kwa miguu na kukwaruzwa kwa jembe, kimepinda upande, kibaya kabisa, kazi ya mtu asiyejua kazi. Mshonaji alikuwa amekipanda na kushuka mara nyingi kiasi kwamba njia mbili za matairi zilikuwa zimechimbika. Alikuwa anashona kiraka kwenye turubai la lori. Shati jeupe hata moja sikuliona. Pale vumbi la malori linakaa juu ya kila kitu, na hakuna kwaya inayopeleka kitambaa cheupe mahali kama pale.

"Karibu, kaka," akasema.

Nikamsalimia. Nikamwambia kuhusu mteremko, kwamba nimeukwaruza, kwamba sasa unashika hata mvua ikinyesha. Aliendelea kuzungusha lile gurudumu la mti mpaka akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Asante kwa taarifa, kaka," akasema. "Hiyo suruali nikuwekee kiraka cha ndani au cha nje?"

Nikasema cha nje. Nilisubiri. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa muda wote aliokuwa anashona, namsikiliza anavyosema nami, kwa heshima, bila kinyongo ninachoweza kukionyesha kwa kidole. Kaka sogea mwangani. Kaka shika hapa. Aliniita kaka mara sita au saba na nilikuwa nahesabu.

Alipokuwa ananirudishia suruali, mtu aliita kutoka kwenye malori, kwa sauti kubwa, "Fundi!"

Niligeuka mimi peke yangu. Yeye hakuhangaika kuinua kichwa, akajibu tu, "Abee, njoo, turubai lako tayari."